Salfa Katika Moshi wa Meli: Sheria Ilivyoibana na Inakokimbilia

Mafuta ghafi yote yana salfa. Tofauti ni kiasi tu. Yale ya Bahari ya Kaskazini yana kidogo, yale ya Ghuba yana nyingi. Yanapopashwa moto kwenye kiwanda cha kusafishia, gesi, petroli, mafuta ya taa na dizeli hupanda mnarani na kutengwa kila moja kwa daraja lake. Kinachobaki chini ni masalia meusi mazito ambamo salfa, vanadiamu na majivu hujilimbikiza. Masalia hayo ndiyo mafuta mazito ya meli, na kwa zaidi ya nusu karne ndiyo yaliyosukuma sehemu kubwa ya biashara ya dunia. Kwa kawaida bei yake huwa chini ya bei ya mafuta ghafi yenyewe, na hilo linaeleza mengi: kiwanda hakikukusudia kuyatengeneza, kilibaki nayo. Meli zikawa mteja wa viwanda vya mafuta na wakati huohuo jalala lake.

Kuyatumia si kazi nyepesi. Tangini hupashwa joto muda wote ili pampu iweze kuyavuta. Yakitoka hapo hupitishwa kwenye mashine za kuzungusha zinazotenga maji na uchafu, kisha hupashwa tena, mara nyingi hadi nyuzi 120 au zaidi, ndipo yanyunyizwe ndani ya silinda. Injini kubwa za meli, zinazozunguka taratibu na zenye pistoni za kipenyo kinachokaribia mita moja, huyachoma vizuri. Salfa nayo huungua humohumo. Sehemu ndogo hugeuka asidi inayokula kuta za silinda, ndiyo maana injini hizo hupakwa mafuta maalumu yenye alkali ya kuiua asidi hiyo. Sehemu kubwa hutoka kupitia dohani ikiwa gesi ya salfa dayoksaidi.

Hesabu yake ni rahisi, na ni vizuri kuishika mapema kwa sababu mjadala wote unaizunguka. Tani moja ya mafuta yenye salfa asilimia 3.5 ina kilo 35 za salfa. Kila kilo ya salfa ikiungana na oksijeni hutoa takriban kilo 2 za gesi, hivyo tani hiyo moja hutoa kilo 70. Meli kubwa ya makontena inayochoma tani 100 kwa siku itamwaga hewani tani 7 za salfa dayoksaidi kila siku. Kwa kulinganisha, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka mwaka 2015 kikomo cha sehemu 50 za salfa kwa kila milioni moja katika dizeli ya magari. Asilimia 3.5 ni sehemu 35,000 kwa milioni, yaani mara 700 ya kile kinachoruhusiwa kwenye lori linalosubiri mzigo nje ya geti la bandari. Na hicho cha 3.5 kilikuwa kikomo halali cha kimataifa hadi siku ya mwisho ya mwaka 2019.

Ikishatoka kwenye dohani, gesi hiyo haikai ilivyo. Kwa saa au siku chache hugeuka kuwa salfeti, chembechembe ndogo mno ambazo upepo huzibeba mamia ya kilomita. Zikivutwa hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ukiongozwa na James Corbett wa Marekani, ulikadiria kwamba chembechembe za moshi wa meli zilikuwa zikichangia vifo vya mapema takriban 60,000 kwa mwaka, vingi vikiwa karibu na pwani za Ulaya, Asia Mashariki na Asia Kusini. Mwingine wa mwaka 2018 ulikuwa na makadirio makubwa zaidi: lau mafuta ya zamani yangeendelea kutumika mwaka 2020, vifo vingekuwa karibu 400,000 kwa mwaka, pamoja na watoto milioni 14 wenye pumu inayotokana na moshi huo. Tofauti kati ya makadirio hayo mawili inatokana kwa sehemu na jinsi elimu ya afya ilivyobadilika katika miaka hiyo, si na wingi wa meli peke yake.

Madhara ya kwanza kujulikana hayakuwa ya mapafu bali ya maziwa na misitu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanasayansi wa Sweden, Svante Odén, alionyesha kwamba mvua ya asidi iliyokuwa ikiua samaki wa Skandinavia ilitokana na salfa iliyovuka mipaka kutoka nchi nyingine. Kutokana na fadhaa hiyo, mwaka 1979 ulitiwa saini mjini Geneva mkataba wa uchafuzi wa hewa unaovuka mipaka, na viwanda na mitambo ya umeme ya Ulaya ikaanza kubanwa. Bara likasafishwa, bahari ikaachwa. Kadiri dohani za nchi kavu zilivyopunguza salfa, ndivyo sehemu ya meli katika jumla ya salfa ya Ulaya ilivyokua, bila meli zenyewe kufanya lolote jipya.

Sababu ya kuachwa nyuma inajulikana. Meli inaweza kumilikiwa na kampuni ya Ugiriki, kusajiliwa Panama, kuendeshwa na mabaharia wa Ufilipino, kujaza mafuta Fujairah na kushusha mzigo Mombasa. Nchi ikiweka sheria kali peke yake, mwenye meli hubadilisha bendera tu. Usajili wa wazi, ambao Tanzania nayo inao kupitia Zanzibar, umefanya bendera kuwa kitu cha kuchagua. Kwa hiyo sheria yenye meno ilibidi itoke kwenye Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO) lenye makao yake London, na mashirika ya aina hiyo huenda kwa mwendo wa konokono. Mkataba wa MARPOL wa kuzuia uchafuzi wa bahari ulianza mwaka 1973 na kurekebishwa 1978, lakini ulishughulikia mafuta yanayomwagika, kemikali, maji taka na takataka. Hewa ilisubiri hadi mwaka 1997, ulipoongezwa Kiambatisho cha Sita, nacho kikaanza kutumika tarehe 19 Mei 2005.

Kikomo chake cha kwanza kilikuwa asilimia 4.5. Kilikuwa kikomo cha jina tu: karibu mafuta yote yaliyouzwa duniani tayari yalikuwa chini ya hapo, na wastani wake ulikuwa kwenye asilimia 2.5 hivi. Hakuna meli iliyolazimika kubadili chochote. Hata hivyo hatua hiyo haikuwa ya bure, maana iliingiza salfa ndani ya sheria, na namba ikishaandikwa kwenye mkataba ni rahisi zaidi kuipunguza kuliko kuanza upya. Pamoja nayo ulikuja mpango wa maeneo maalumu ya udhibiti, ambamo kikomo kingekuwa cha chini kuliko cha bahari nyingine. Hapo ndipo sheria ilipoanza kuuma.

Bahari ya Baltiki ilikuwa eneo la kwanza, mwaka 2006, ikifuatwa na Bahari ya Kaskazini pamoja na Mlango wa Uingereza mwaka 2007. Pwani za Marekani na Kanada ziliingia mwaka 2012, na sehemu ya Karibi iliyo chini ya Marekani mwaka 2014. Kikomo katika maeneo hayo kilikuwa asilimia 1.5, kikashuka hadi 1.0 Julai 2010, na kuanzia tarehe 1 Januari 2015 kikawa 0.10. Kushuka huko kwa mwisho ndiko kulikoleta kelele. Kwa 0.10 mafuta mazito ya kawaida hayafai tena; lazima meli itumie dizeli ya meli, ambayo bei yake ni ya juu zaidi. Kampuni za feri za Ulaya ya kaskazini zilitabiri kwamba mizigo itarudi barabarani kwenye malori na njia kadhaa zitafungwa. Bahati ilikuwa upande wa sheria: bei ya mafuta duniani iliporomoka katika nusu ya pili ya mwaka 2014, na tarehe ilipofika gharama zilikuwa chini ya zilivyoogopwa. Vipimo vilivyowekwa kwenye daraja la Great Belt nchini Denmark, ambalo meli za Baltiki hupita chini yake, vilionyesha salfa hewani ikishuka kwa zaidi ya nusu ndani ya muda mfupi.

Kinachofanyika ndani ya chumba cha mitambo meli inapokaribia mpaka wa eneo kama hilo kinastahili kutazamwa kwa karibu. Mafuta mazito yaliyo kwenye mabomba yana joto la zaidi ya nyuzi 100. Dizeli inayokuja kuchukua nafasi yake inatakiwa kuingia ikiwa kwenye nyuzi 40 au karibu na hapo, la sivyo huwa nyepesi mno kiasi cha kushindwa kulainisha pampu. Mhandisi mkuu hawezi kuzungusha valvu moja na kwenda zake. Injini hupunguzwa kasi, dizeli huingizwa kidogokidogo, joto hushushwa taratibu ili vyuma vya pampu visisinyae kwa ghafla na kukwama. Kazi huchukua saa kadhaa, na lazima imalizike kabla meli haijavuka mstari. Saa, mahali meli ilipo na kiasi cha mafuta kilichobaki katika kila tangi huandikwa kitabuni. Jimbo la California lilipoanza kudai mafuta mepesi karibu na pwani yake mwaka 2009, matukio ya meli kuzimikiwa injini karibu na bandari yaliongezeka hadi mabaharia walipoizoea kazi hiyo.

Wakati maeneo hayo yakiendelea kubanwa, bahari nyingine yote ilikuwa ikisubiri tarehe. Kiambatisho cha Sita kilirekebishwa Oktoba 2008: kikomo cha dunia kingeshuka hadi 3.5 mwaka 2012, kisha hadi 0.50 mwaka 2020, isipokuwa kama uchunguzi ungeonyesha kwamba mafuta hayatatosha, ambapo tarehe ingesogezwa hadi 2025. Kifungu hicho cha kusogeza kiliacha mlango wazi kwa miaka minane. Viwanda vingi vya mafuta vilikataa kuwekeza mabilioni ya dola kwa ajili ya sheria ambayo huenda ingeahirishwa, kisha kutokuwapo kwa uwekezaji huo kukatumiwa kuwa hoja ya kuiahirisha. Tafiti mbili ziliwekwa mezani. Ile iliyoagizwa na IMO yenyewe ilisema mafuta yatatosha. Ile iliyogharimiwa na vyama vya wenye meli na wenye mafuta ilisema hayatatosha. Finland ikawasilisha hesabu ya tatu, iliyokadiria kwamba kuchelewa kwa miaka mitano kungeleta vifo vya mapema 570,000 zaidi. Oktoba 2016, Kamati ya Kulinda Mazingira ya Bahari ya IMO iliamua: 2020, bila kuahirisha.

Uamuzi huo wa kushikilia tarehe ulikuwa na uzito kuliko namba ya 0.50. Kuanzia hapo wenye meli, wenye viwanda na wafanyabiashara wa mafuta walijua kwamba hakuna wa kumsubiri mwenzake. Ukafuata uamuzi mwingine uliopewa nafasi ndogo magazetini lakini uliokuwa wa busara: kuanzia tarehe 1 Machi 2020 meli isiyo na mtambo wa kuosha moshi hairuhusiwi hata kubeba mafuta yenye salfa nyingi kwenye matangi yake ya matumizi. Kumthibitishia mtu kwamba alichoma mafuta machafu katikati ya bahari, usiku, maili 1,000 kutoka pwani, ni jambo gumu sana. Kuyakuta tangini bandarini ni jambo la dakika chache.

Mwenye meli alikuwa na njia chache. Angeweza kuhamia kwenye dizeli ya meli, ambayo ni ghali. Angeweza kujenga meli ya gesi asilia, ambayo haina salfa ya kutajika lakini huhitaji matangi ya baridi kali na haifai kubandikwa kwenye meli kuukuu. Walio wengi walichukua mafuta mapya ya asilimia 0.50, mchanganyiko wa masalia, dizeli na mabaki mengine ambao kila kiwanda kiliupika kwa njia yake. Na wengine wakafunga mtambo wa kuosha moshi, maarufu kwa jina la skraba, wakaendelea na mafuta yaleyale ya zamani.

Mwezi wa kwanza bei zilionyesha maana ya sheria. Mapema Januari 2020 tofauti kati ya tani ya mafuta mapya na tani ya mafuta ya zamani ilipita dola 300 katika bandari kubwa za kujazia. Kabla soko halijatulia, ugonjwa wa UVIKO-19 ulisimamisha ndege na magari, bei za mafuta zikaanguka, na kufikia majira ya machipuko ya Ulaya tofauti hiyo ilikuwa chini ya dola 100. Uhaba uliotabiriwa haukutokea. Kwa makadirio ya IMO, sheria hiyo imepunguza salfa inayotoka kwenye meli kwa asilimia 77, sawa na tani milioni 8.5 kwa mwaka. Kwa mikataba ya mazingira ya kimataifa, ambayo mingi huishia kwenye ahadi, hayo ni matokeo ya nadra.

Lakini salfa iliyotolewa kwenye mafuta haikutoweka, na hapa ndipo ugumu wa suala hili ulipo. Sehemu iliyoondolewa kiwandani kwa hidrojeni hugeuzwa kuwa salfa ya manjano, bidhaa ya biashara, na pwani ya Tanzania inaijua vizuri. Shehena za salfa hushushwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye malori yanayoelekea Katanga, ambako hutengenezewa asidi ya kuyeyushia madini ya shaba na kobalti. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi huipuliza ikiwa unga juu ya mikorosho kupambana na ubwiriunga. Salfa ya aina hii ina anwani, bei na mnunuzi. Ile inayopita kwenye skraba haina.

Skraba ya kawaida ni mnara mkubwa wa chuma ndani ya dohani. Maji ya bahari huvutwa kwa pampu na kunyunyizwa dhidi ya moshi. Alkali iliyomo kiasili kwenye maji hayo huikamata salfa dayoksaidi, na maji hurudishwa baharini yakiwa na salfeti. Huo ndio mfumo wazi. Katika mfumo uliofungwa, maji huzungushwa yakiongezewa magadi, na tope lake hushushwa bandarini. Watetezi wa mfumo wazi wana hoja isiyopaswa kupuuzwa: bahari ina salfeti nyingi kiasili, na nyongeza ya meli haionekani. Hoja hiyo ni kweli kwa salfeti, na inaishia hapo. Maji hayohayo huosha pia vanadiamu, nikeli, masizi na kemikali za kundi la PAH, ambazo baadhi yake husababisha saratani, na hutoka yakiwa na asidi. Katikati ya bahari kuu huchanganyika haraka. Katika ghuba iliyofungika, bandari yenye msongamano au mlango mwembamba wenye matumbawe, hali ni nyingine.

Kilichowavutia wenye meli si kemia bali hesabu. Skraba hugharimu mamilioni ya dola, lakini kwa meli inayochoma makumi ya tani kila siku, tofauti ya bei ya mafuta huilipa ndani ya miaka michache. Ndiyo maana zimefungwa kwenye maelfu ya meli, hasa zile kubwa. Sheria iliziruhusu kwa neno moja, usawa wa matokeo: ikiwa moshi unaotoka ni safi kama wa mafuta ya 0.50, njia iliyotumika ni halali. Kwa kuwa kigezo kilikuwa hewa peke yake, maji yaliachwa nje ya mizani. Kasoro hiyo imeachiwa bandari ziirekebishe moja moja. Singapore na Fujairah, ambazo ni miongoni mwa vituo vikubwa kabisa vya kujazia mafuta duniani, zilipiga marufuku maji ya mfumo wazi kwenye maeneo yao ya bandari. China ilifanya hivyo katika sehemu ya maji yake ya pwani. Denmark na Sweden ziliyakataza katika maji yao ya kitaifa kuanzia Julai 2025. Meli inayosafiri kutoka Asia hadi Ulaya sasa hubeba orodha ndefu ya mahali pa kufungia valvu ya skraba na kuhamia mafuta mengine.

Mafuta mapya nayo yana tabia zake. Kwa kuwa kila kiwanda huchanganya kivyake, mafuta ya bandari moja yakikutana tangini na ya bandari nyingine huweza kukatana kama maziwa yaliyotiwa ndimu, yakaacha tope linaloziba vichujio. Mengine huganda kwa nta kwenye maji ya baridi. Na yakimwagika, wahudumu wa dharura hawakuwa na uzoefu nayo. Jaribio la kwanza kubwa lilitokea katika Bahari ya Hindi: tarehe 25 Julai 2020 meli Wakashio, mali ya kampuni ya Japani na yenye bendera ya Panama, iligonga mwamba wa matumbawe huko Pointe d'Esny, Mauritius. Ilikuwa na tani zipatazo 3,900 za mafuta haya mapya. Mapema Agosti yalianza kuvuja, tani zipatazo 1,000 zikaingia baharini na kufika kwenye mikoko, na tarehe 15 Agosti meli ikakatika vipande viwili. Kupungua kwa salfa kulisafisha moshi. Hakukuyafanya mafuta kuwa salama kwa matumbawe.

Kuna tokeo moja ambalo waliotunga sheria hawakulilenga, nalo limewagawa wanasayansi. Chembechembe za salfeti huvutia mvuke wa maji, na juu ya bahari tulivu moshi wa meli ulikuwa ukiacha mistari mirefu ya mawingu meupe inayoonekana kwa satelaiti. Mawingu hayo hurudisha mwanga wa jua angani na hivyo kupoza kidogo. Uchunguzi wa picha za satelaiti za shirika la NASA uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mistari hiyo ilipungua kuliko wakati wowote katika kumbukumbu zake. Salfa ilikuwa ikificha sehemu ya joto lililosababishwa na hewa ya ukaa, na pazia limepungua. Wapo, kama mwanasayansi wa hali ya hewa James Hansen, wanaoamini kwamba athari yake katika joto la miaka ya 2023 na 2024 ni kubwa. Makadirio mengi mengine yanaiweka kwenye sehemu chache za mia za nyuzi moja. Hata kwa makadirio ya juu, kuwarudishia watu wa pwani moshi unaoua ili kuficha tatizo jingine ni dawa isiyo na utetezi. Ajabu nyingine ni radi. Mwaka 2017 watafiti waligundua kwamba juu ya njia za meli katika mashariki ya Bahari ya Hindi na Bahari ya China Kusini radi zilikuwa karibu mara mbili ya maeneo ya jirani. Baada ya 2020 zilipungua kwa takriban nusu katika njia inayopita karibu na Singapore.

Utekelezaji wa haya yote unategemea vitu viwili vidogo: karatasi na chupa. Meli inapojaza mafuta, msambazaji hutoa hati ya makabidhiano inayotaja kiasi cha salfa, na hati hiyo hukaa melini miaka 3. Wakati huohuo mafuta huchotwa tone kwa tone kwenye bomba la kupokelea tangu mwanzo wa kujaza hadi mwisho, hutiwa kwenye chupa zinazofungwa kwa lakiri, na kutiwa saini na pande zote mbili. Chupa moja hukaa melini kwa muda usiopungua miezi 12. Mkaguzi wa bandari anayepanda meli ya kigeni ana haki ya kudai hati hiyo, kitabu cha kubadilisha mafuta na chupa hiyo, na akishuku, kuchukua sampuli nyingine. Hapo bendera ya meli haina kinga, kwa sababu mkataba unakataza meli ya nchi isiyo mwanachama kutendewa kwa upole zaidi. Nchi za Baltiki na Bahari ya Kaskazini zimeongeza pua za angani: ndege, helikopta na droni zinazopita ndani ya moshi, kulinganisha salfa dayoksaidi na hewa ya ukaa, na kukokotoa asilimia ya salfa kwenye mafuta meli ikiwa bado safarini. Meli inayotiliwa shaka hukaguliwa ya kwanza ikifika bandarini.

Udhaifu upo. Meli ikidai kwamba haikupata mafuta halali mahali ilipopita, hujaza fomu ya kutopatikana kwa mafuta na kuiarifu nchi yake ya bendera pamoja na bandari inayofuata. Fomu hiyo si kibali, lakini katika mikono milegevu hugeuka kibali. Faini hutofautiana mno kati ya nchi na nchi, na kuna mahali ambapo faini ni ndogo kuliko fedha iliyookolewa kwa kuchoma mafuta machafu safari moja. Msambazaji wa mafuta, ambaye mara nyingi ndiye chanzo cha kosa, hayumo mikononi mwa mkaguzi wa bandari inayofuata.

Kenya, Tanzania na Oman ni wanachama wa Makubaliano ya Bahari ya Hindi ya ukaguzi wa meli bandarini, yenye ofisi yake Goa, India. Kwa hiyo chombo cha kisheria cha kuikagua meli inayotia nanga Kilindini au Kurasini kipo. Kilichobadilika ni wingi wa meli zinazopita: tangu mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen dhidi ya meli yalipoanza mwishoni mwa 2023, meli nyingi za kati ya Asia na Ulaya ziliacha Bahari ya Shamu zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikichoma mafuta mengi zaidi upande huu wa Bahari ya Hindi. Miezi ya kusi upepo huvuma kutoka baharini kuelekea nchi kavu, na mitaa ya Likoni, Shimanzi na Kigamboni iko hatua chache tu kutoka gatini.

Ramani ya vikomo imezidi kugawanyika. Bahari ya Mediterania yote imekuwa eneo la udhibiti tangu tarehe 1 Mei 2025, na pendekezo lake lilitiwa mkono na nchi za pwani zake, Misri, Tunisia, Algeria na Morocco zikiwemo. Maeneo ya Aktiki ya Kanada na Bahari ya Norwei yamekwisha kupitishwa. Katika Bahari ya Hindi hakuna hata moja. Meli inayoondoka Port Said kuja Mombasa huvuka kutoka kikomo cha 0.10 hadi cha 0.50, mara tano zaidi, bila kuvunja sheria yoyote.

Nchi yoyote mwanachama wa Kiambatisho cha Sita inaweza kuomba eneo lake, peke yake au pamoja na majirani. Ombi hutakiwa kuonyesha idadi ya watu walio hatarini, mwelekeo wa pepo, wingi wa meli, gharama, na hatua ambazo nchi yenyewe imekwisha kuchukua dhidi ya uchafuzi wa nchi kavu. Kwa sharti hilo la mwisho Afrika Mashariki ina cha kuonyesha, maana dizeli yake ya magari ina kikomo cha sehemu 50 tangu mwaka 2015. Pepo zinajulikana tangu enzi za majahazi, na meli zinahesabika kwenye skrini za mamlaka za bandari. Kinachohitajika kwanza ni vipimo vya salfa dayoksaidi na chembechembe vinavyofanya kazi mwaka mzima kando ya magati ya Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, na takwimu zake kuwekwa wazi. Hiyo ni kazi ya mamlaka za bandari na za mazingira, wala haihitaji ruhusa ya London.